Mgeni Rasmi Aliyekuja Kumfundisha Pimbi Kupumzika

Nitoe, nisitoe?

Toa.

Ya kweli au ya uongo?

Yoyote, mradi tusilale na njaa.

Basi sogeeni. Anayesinzia asinilalie mguuni, na anayeujua mwisho akae nao mdomoni mpaka nifike.

Mama Pimbi alikuwa anapepeta mtama. Chwa, chwa, chwa. Ungo juu, ungo chini, makapi yanaruka, mtama unabaki. Haukuwa mtama mwingi. Ulikuwa ule wa chini ya kihenge, unaokusanywa kwa kufagia, nusu yake mchanga. Ukiisha huo hakuna mwingine mpaka mvua, na mvua yenyewe ilikuwa imesahau njia.

Chwa, chwa, prrrr. Kwale akaingia mbio, vumbi hadi kwenye kope.

Kwale alikuwa katibu wa kikundi. Kikundi chenyewe kiliitwa Tumebaki. Moto ulipokula nyika, watoto wengi walibaki bila mama wala baba: mapacha wa Ngiri, mtoto wa Nungunungu, vifaranga vya Kanga, na Digidigi mdogo mwenye miguu kama vijiti vya kuchokolea meno. Walikuja mmoja mmoja kwenye mwamba wa Pimbi, kwa sababu mwamba hauungui. Pimbi hakuwaita. Hakuwafukuza pia. Alimuuliza kila aliyefika, una nani? Kila mmoja akajibu, nimebaki. Jina likapatikana hapo.

"Pumua kwanza," Pimbi akamwambia Kwale.

"Tembo anakuja."

Ungo ukasimama.

"Lini?"

"Leo, jua likiwa utosini. Anakuja kama mgeni rasmi."

Kwale akaeleza aliyoyasikia bwawani. Tembo alikuwa amepata habari kwamba wanaoendesha vikundi vidogo wamechoka, wanasahau mambo, wanalia ovyo. Habari hizo zimemgusa sana. Kwa hiyo atapita kikundi kwa kikundi akitoa semina: namna ya kufanya kazi bila kuchoka, na namna ya kuitunza nafsi yako. Ataanzia Tumebaki. Na semina, kama mnavyojua, huisha kwa chakula cha mgeni.

Pimbi akautazama ungo. Akamtazama Digidigi, amelala kivulini, mbavu nje. Uji wa jana mtoto huyo aliutapika, maana ulikuwa mchanga zaidi ya uji. Huu wa leo ndio uliopepetwa vizuri. Asipokula jioni hii, asubuhi hatasimama. Na mnyama mdogo asiyesimama asubuhi, nyika haimsubiri.

"Mwambie hatupo," Pimbi akasema.

"Dada, tukisema hatupo atatunyima kibuyu."

Hilo lilikuwa kweli. Maji yalikuwa yamebaki kwenye bwawa moja tu, na bwawa lilikuwa la Tembo. Hakuna aliyempa, lakini nani angemwambia? Kila alfajiri Pimbi alijifunga kibuyu mgongoni, akatembea hadi huko, akasimama pembeni mpaka ukoo mzima wa Tembo umalize kuoga, ndipo akaruhusiwa kuteka kibuyu kimoja. Tembo alikiita kibuyu hicho msaada. Alikitaja katika kila hotuba.

Na aliwahi kufika hapo mwambani. Siku kikundi kilipoanzishwa alialikwa kuwa mgeni rasmi. Wakampikia maboga yote waliyokuwa nayo. Akala maboga, akala na kapu lililobeba maboga. Kabla ya kula alikuwa ameshuka korongoni, kwenye mto uliobaki mchanga mtupu, akaweka jiwe la msingi, akaahidi kwamba pale kitachimbwa kisima. Akapigiwa vigelegele, akala, akaenda zake. Jiwe lipo mpaka leo. Kima hulikalia akichambua chawa. Nchi ile yote ilijaa mawe ya msingi. Ukitaka kujua Tembo aliwahi kula wapi, tafuta jiwe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tembo naye aliijua methali hiyo. Ndiyo maana hakulala kwa mtu.

Pimbi akawasha moto. Akaubandika mtama, kwa sababu ungepikwa hata hivyo. Akamwaga maji ya kibuyu kizima chunguni. Chungu kikaanza kusema: bwata, bwata, bwata. Alikuwa amechoka kiasi kwamba juzi alisinzia amesimama, mwiko mkononi, akaendelea kukoroga. Watoto waliona wakadhani anawaza. Kila jioni aliwapakulia wote, akawaita majina, akahesabu. Wakishakuwa wote, alikwangua ukoko, akala amesimama, mgongo kwao, ili wasione kuwa hakujibakizia cha maana.

Du. Du. Du.

Mwamba ukatetemeka. Tembo akatokea, masikio kama majamvi mawili yanayokung'utwa. Akasalimu kwa upole. Akawapapasa watoto vichwani kwa mkonga, mmoja mmoja, na kila alipopapasa mkonga ulipinda kidogo kuelekea chunguni.

Pacha mmoja wa Ngiri akamnong'oneza mwenzake kuwa mgeni huyu ana pua mpaka chini, hata ukoko hautapona. Kwale akamfinya.

Wakaketi. Semina ikaanza.

Tembo alizungumza vizuri, tusimnyime haki yake. Alisema asubuhi uanze na kazi ngumu kuliko zote, nyepesi zitafuata zenyewe. Alisema usibebe mzigo wote peke yako, gawa kazi, kila mmoja apewe ile anayoiweza kuliko wengine. Alisema jifunzeni kusema hapana, maana anayekubali kila kitu hamalizi hata kimoja. Alisema pumzika kabla hujachoka, wala si baada. Alisema anayelisha naye ale. Na juu ya yote, alisema, kunywa maji mengi kila siku.

Watoto wakakitazama kibuyu kitupu. Kifaranga kimoja cha Kanga kilicheka, kikafinywa nacho.

Pimbi alisikiliza yote. Nusu ya maneno yale yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa mwongo mtupu ingekuwa rahisi. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, nikipumzika, nani atakwenda kuteka maji?"

"Gawa kazi, mama. Nimeshasema. Hivi huna mwenye nguvu hata mmoja hapa?"

Pimbi akatazama watoto. Kisha akamtazama Tembo. Akaitazama miguu yake, minene kama michi ya kutwangia mlima. Akazitazama pembe zake mbili, ndefu, zimepinda, zimenolewa. Akazitazama kwa muda mrefu kidogo.

Mpo?

Tupo.

Haya.

Tembo akafunga semina. Akasema mwili haujengwi kwa maneno tu, na kwamba harufu ya chungu kile imemkumbusha nyumbani. Mkonga ukanyooka.

"Karibu sana," Pimbi akasema. "Kitu kimoja tu kimebaki. Uzinduzi."

Mkonga ukasimama njiani.

"Uzinduzi wa nini?"

"Wa kisima ulichotuahidi. Jiwe la msingi lipo. Watoto hawa wengi walifika baada ya siku ile, hawajakuona ukizindua. Na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba mgeni rasmi hali kabla hajazindua."

Ilikuwa hivyo kweli. Mila hiyo aliileta Tembo mwenyewe, kwa sababu mgeni aliyezindua hupakuliwa zaidi ya mgeni aliyehutubia tu.

"Kuna utepe?" akauliza.

Kwale akaruka, akang'oa mmea unaotambaa, akaufunga kutoka jiwe hadi jiwe. Wakashuka wote korongoni. Kutoka pale chungu kilionekana juu mwambani, mvuke ukipanda. Pimbi alikuwa amekiweka pale makusudi.

Tembo akakata utepe kwa pembe. Watoto wakapiga makofi. Akachota mchanga mara moja kwa pembe, paru, akautupa pembeni kwa madaha, akageuka kuelekea mwambani.

"Mheshimiwa," Pimbi akasema, "wa nyuma hawajaona."

Tembo akatazama. Kweli, watoto walikuwa wamesimama mstari, na wa nyuma walikuwa wafupi. Mgeni rasmi asiyeonekana si mgeni rasmi. Akarudi. Paru, paru. Watoto wakaimba, maana Pimbi alikuwa amewafundisha wimbo wakati chungu kinachemka:

Mgeni rasmi, zindua,
baba wa maji, zindua,
wa mbele tumeshaona,
wa nyuma hatujaona.

Paru, paru, paru. Tembo akainua kichwa. Wimbo ulikuwa mtamu. Akauliza kama sasa wameona.

"Wa nyuma hawajaona, Mheshimiwa."

Wa nyuma wangeonaje? Kila alipochimba alizama, na kila alipozama alionekana kidogo zaidi. Lakini Tembo alikuwa na kichwa kikubwa chenye nafasi ya mambo mawili tu, sifa na chakula, na siku hiyo vyote viwili vilikuwa vinamwita.

Paru, paru, paru. Magoti yakazama.

"Wameona?"

"Wa nyuma hawajaona."

Paru, paru, paru. Tumbo likazama. Mchanga ukaanza kuwa mzito, rangi imekolea. Jua likainama. Tembo akasimama, akihema kama mivukuto ya mhunzi.

"Nimechoka, mama. Tule kwanza."

"Ulitufundisha tuanze na gumu," Pimbi akasema kutoka ukingoni. "Nyepesi zinafuata zenyewe. Chungu hakina miguu."

Tembo akashusha pembe. Ni vigumu kubishana na maneno yako mwenyewe. Akachimba. Masikio yakazama. Kutoka shimoni sauti ikapanda, nzito, kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Alisema ana kiu. Alisema koo limemkauka kama ngozi ya ngoma. Aliomba maji, hata kidogo.

"Tulikuwa na kibuyu kimoja," Pimbi akajibu. "Kimo chunguni. Lakini mengine yapo hapo ulipo. Chini kidogo."

Msidhani Pimbi alikuwa na uhakika. Aliona mchanga uliolowa, akaomba moyoni, basi. Kama shimo lingekuwa kavu, Tembo angepanda na hasira, na hadithi yangu ingeishia hapa.

Paru, paru, chubwi.

Kimya.

Kisha sauti ya mkonga ukivuta. Fyuuuu. Na sauti ya maji yakishuka tumboni. Ngubu, ngubu, ngubu.

Watoto wakakimbilia ukingoni. Pimbi akawazuia. Alijua kitu kimoja kuhusu Tembo: anajua kuanza, hajui kuacha. Maji yakajikusanya shimoni, Tembo akayavuta. Yakajikusanya tena, akayavuta tena. Ngubu, ngubu, ngubu. Akanywa kiu ya leo, akanywa kiu ya kesho, akanywa kwa ajili ya wajukuu. Watoto walisimama wakisikiliza maji yao yakimezwa, ndimi zimekauka, na Digidigi akaegemea mguu wa Pimbi kwa sababu kusimama kulikuwa kunamshinda. Hakuna aliyeimba tena.

Jua lilipogusa vilima, Tembo akapanda. Ilimchukua muda. Tumbo lilikuwa linayumba upande huu na upande ule, na kila alipopiga hatua, ndani kulisema chubu, chubu. Akafika chunguni. Akainamisha mkonga, akanusa. Akajaribu kumeza mate, yakakosa pa kwenda. Hakukuwa na nafasi ya hata punje.

Akawaza kidogo.

"Basi nifungieni," akasema. "Nitakula njiani."

Kwale akamtazama Pimbi. Watoto wakamtazama Pimbi. Chungu kilikuwa kimoja, jioni ilikuwa moja.

"Hapana," Pimbi akasema.

Tembo akadhani hakusikia. Katika nyika ile neno hilo hakuwahi kuambiwa; alikuwa amelifundisha tu.

"Umesema?"

"Nimesema hapana. Asubuhi nisingeweza. Umenifundisha mchana huu."

Tembo akainua mguu. Kwa haki, mguu ule ungeweza kuwalaza wote, chungu na kikundi pamoja. Lakini tumbo likayumba, chubu, akalazimika kuushusha haraka asianguke. Na mnyama anayekaribia kuanguka mbele ya vifaranga hana budi kutabasamu.

Akatabasamu. Akasema kwa upole uleule aliokuja nao kwamba amefurahi sana kuona mafanikio ya Tumebaki. Leo wamepata kisima, alichokichimba yeye kwa pembe zake mwenyewe, na atalitaja jambo hilo kila atakapohutubia. Na kwa kuwa sasa wanajitegemea, kile kibuyu cha bwawani hawakihitaji tena. Kuanzia kesho wasije.

Akaondoka. Du, chubu. Du, chubu. Du, chubu. Mpaka akapotea.

Kwale akamuuliza Pimbi kama wameshinda au wameshindwa. Pimbi akashuka korongoni kuangalia kabla ya kujibu. Shimoni palikuwa na matope na kinyesi cha mgeni rasmi. Pembeni, kwenye ukuta wa mchanga, tone moja la maji lilikuwa linatoka. Likaning'inia. Likaanguka. Akasubiri. Likatoka jingine. Akaweka kibuyu chini yake, akakikaza kwa jiwe la msingi kisianguke, maana hatimaye jiwe lile lilikuwa limepata kazi.

"Tumebaki," akamjibu Kwale.

Kwa hesabu ya haraka, matone yale yangejaza kibuyu kufikia asubuhi kama hakuna atakayekuja kunywa. Na nyika nzima ina pua. Kisima cha kumtosha mmoja kingeitwa kisima cha wote, na kila mzazi atakayekufa kiangazi hiki, mtoto wake atafuata harufu mpaka hapo. Hapo awali Pimbi alikuwa anakosa maji. Sasa atakuwa analinda maji, na kuyakosa. Akapanda mwambani akiwa amechoka kuliko alivyoshuka.

Akapakua. Aliwaketisha watoto mstari mmoja, kila mmoja na kipande chake cha kibuyu, akapita na mwiko. Uji ulikuwa mzito na hauna mchanga. Kisha akawaita, kama kila jioni.

"Ngiri?"

"Tupo."

"Nungunungu?"

"Nipo."

"Kanga?"

"Tupo, tupo, tupo," na mdomo umejaa.

"Digidigi?"

Kimya. Pimbi akageuka haraka. Digidigi alikuwa amezamisha uso mzima ndani ya uji, hakuweza kujibu. Akatoa pua, akasema yupo, akaizamisha tena.

Mwishoni mwa mstari palikuwa na mtoto wa Swala ambaye hakuna aliyemwona akija. Alikuwa na majivu kwenye manyoya. Hakuomba kitu. Alikuwa ameketi tu kama wengine walivyoketi.

"Wewe umetoka wapi?"

"Nimesikia harufu ya maji."

"Una nani?"

"Nimebaki."

Pimbi akasimama na mwiko hewani. Chunguni palikuwa na ukoko na kilichoshikamana na ukoko. Akamkwangulia Swala kile kilichoshikamana. Akajibakizia ukoko. Kisha, kwa mazoea, akageuza mgongo wake kwa watoto.

"Mama Pimbi?" Digidigi akaita.

Hakuitika. Alidhani mtoto anataka kuongezwa, na hakukuwa na cha kumwongeza.

"Mama Pimbi?" Digidigi akaita tena, kwa sauti ya kuhesabu, ileile aliyoizoea kwake. "Mgeni alisema anayelisha naye ale. Wewe hatujakuhesabu."

Pacha wa Ngiri akamsogezea kipande chake cha kibuyu. Kilikuwa na mabaki chini, na alama ya ulimi ubavuni. Nungunungu akaongeza kidogo, kwa manung'uniko. Kanga hawakuongeza kitu, walikuwa wamemaliza. Pimbi akakwangulia humo ukoko wake, krrr, krrr, akavuta jiwe, akaketi kwenye mstari, uso kwa wenzake.

"Nipo," akasema.

Wakala. Wote walikuwepo.

Sasa mnataka funzo, najua, hamlali bila funzo. Funzo ni hili: msichimbe kisima, mtakatiwa kibuyu. Mwenye akili hulitunza jiwe lake la msingi, akalipangusa vumbi, akasubiri semina ijayo. Msimwambie mkubwa hapana, si adabu. Na kazi ikiwazidi, nendeni mkalale mchana, watoto watajipikia.

Hadithi yangu imeishia chunguni. Mwenye meno akwangue, asiye na meno aloweke.